Fundi wa Mubi anayepindua meza kabla ya kuinunua

Saa mbili asubuhi, Mubi, mji mdogo wa Walikale, mashariki mwa Kongo. Mvua imekatika, malori yanapita polepole kwenye tope. Mbele ya kibanda chake, Damascène Gakwaya amepiga magoti. Meza imelala miguu juu, naye ameikaribia kwa pua kama mtu anayenusa mchuzi.

"Batu banaangaliaka rangi kwanza," anasema bila kuinua kichwa. "Rangi inadanganya. Miye napinduaka meza."

Damascène, mwenye umri wa miaka 54, ni seremala. Hapa Mubi anajulikana zaidi kwa kutafuta na kutengeneza meza kuukuu za kuandalia chakula, zile nyembamba zinazosimama kando ya ukuta, juu yake sufuria na sahani zikingoja wageni. Nyingi hutoka katika nyumba za zamani za mashamba ya Masisi, alikozaliwa katika familia ya wafugaji. Vita vilipowamalizia ng'ombe, alikimbilia Walikale, akaanza kwa kupiga msasa mbao za fundi mwingine.

Anagusa kitundu kwenye mguu wa meza. "Kama unga inatoka, wadudu beko ndani. Kama tundu iko kavu, ile njo ya kununua."

Kisha anaitikisa. Anapenda miguu iliyoungwa kwa vigingi vya mbao kuliko misumari, na kimo kisichomlazimu mama kuinama akipakua. Katika meza kumi, huchukua mbili. Nzuri humpa hadi dola 80, baada ya kazi ya wiki mbili.

Lakini kuna moja aliyoikataa mwezi wa tatu, mbao zake nzima kabisa.

Ililetwa kwa lori na Nsengimana, mkulima wa milimani Masisi. Mama yake alikuwa amefariki, naye alitaka mabati ya nyumba. Mnunuzi alikuwapo tayari: Mama Constance, mwenye mgahawa hapo barabarani.

Damascène aliipindua. Chini ya ubao palikuwa na majina matano yaliyochongwa kwa kisu, kila moja na mwaka wake.

"Kaka, Uwizeye njo nani?"

"Simuyui," Nsengimana alijibu. "Tuko bane. Mukubwa wetu iko Niyonsenga."

Watoto wanne, majina matano; Uwizeye alikuwa juu ya Niyonsenga. 1971.

Nsengimana alimpigia simu shangazi yake, Nyirabahire. Bibi huyo akasema Uwizeye alikuwa kifungua mimba, binti aliyekufa kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Mama yao hakulitaja tena jina hilo.

"Kila Noeli alikuwa anapangusa ile meza mpaka chini," Nsengimana alimwambia fundi, akikaa juu ya rundo la mbao. "Tulikuwa tunamucheka. Tulisema, Mama anapenda usafi kupita kiasi."

Damascène alijua kazi inayofuata katika kutengeneza meza: kupitisha randa, juu na chini.

"Siwezi pitisha randa pale," alimwambia. "Rudisha kwenu, kaka. Onyesha benzako."

"Na mabati?"

"Nyumba ya mama yenu iko inavuya?"

Nsengimana alitikisa kichwa; haikuwa ikivuja. Jioni hiyo Damascène alikaza mguu mmoja uliolegea, bila malipo. Kesho yake meza ilipanda lori la kurudi.

Mama Constance alikuja juu. "Papa Damascène, uliniahidi! Wageni wangu nitawapakulia wapi?" Alimnunia wiki nzima, mpaka fundi alipompatia nyingine kutoka kijiji cha Shasha.

Tangu hapo, Damascène humwomba kila muuzaji aiangalie meza yake upande wa chini kabla hawajazungumza bei. Wawili wamekwisha kubadili mawazo. Mkewe, Uwamahoro, anasema biashara haiendi hivyo, kisha anacheka.

Ukiuliza anapanga nini, anakuongoza nyuma ya kibanda. Pana meza mpya ya mvule, haijapakwa kitu. Nyumbani kwao, tangu walipokimbia, chakula huandaliwa chini, kwenye mkeka. Anataka iwe tayari kabla ya Noeli.

"Nilitafuta ya zamani kwa ajili yetu, sikuchagua hata moja," anasema, akipitisha kiganja juu ya ubao. "Zote zilikuwa za batu. Hii itazeekea kwetu."