Kahambu Alibeba Clé Nyingine

Saa mbili asubuhi, Kahambu Delphine anainamia kompyuta ya mezani iliyoletwa kwa toleka, baiskeli ya abiria, ikiwa imefungwa kwa mpira kama mbuzi wa sikukuu. Kibanda chake kiko nyuma ya soko kuu la Kisangani. Ukutani, juu ya meza ya kazi, unaning'inia ufunguo mmoja wa nyumba.

Mwenye kompyuta, Papa Abdulhamid, mwalimu mstaafu, ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, na hana raha hata kidogo.

"Naingiza clé hapa, hakuna. Kule, hakuna. Hata souris haiione. Mama, machine imekufa?"

"Clé ya nyumba ao clé ya machine, papa?"

Mzee anacheka. Swali hilo Kahambu humwuliza kila mteja, nao humtania kwalo. Mjini hapa kipanya huitwa souris, na flashi huitwa clé, neno lilelile la ufunguo wa mlango, na ni neno hilo lililomvunjia maisha.

Anachomoa waya wa umeme, kisha anabonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika ili chaji iliyobaki iishe. "Tuiache isahau kwanza," anasema. Anawasha. Bado. Kwa kibodi ya zamani yenye plagi ya mviringo anaingia kwenye mipangilio ya ndani: matundu yote ya USB yameruhusiwa. Fundi mwenye pupa angeshamwambia mzee anunue carte mère, ule ubao mkuu, mpya. Kahambu anachukua tochi.

Ana miaka 38. Ufundi alifundishwa na mumewe, Sébastien, huko Kirumba, kusini mwa Lubero, mashariki mwa nchi, walikokuwa na duka dogo la kuchapa karatasi. Mwishoni mwa Juni 2024 vita viliwafikia. Sébastien alikuwa uani akifunga godoro kwenye pikipiki, akampigia kelele mkewe aliyekuwa ndani: "Beba clé!"

"Mi nikafunga mulango, nikabeba clé," anasimulia. Anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika. "Clé ya nyumba. Si ndiyo ile mutu anabebaka akitoka?"

Walikuwa wamekwenda kilomita tisa Sébastien alipoiomba. Alimaanisha flashi. Ndani yake kulikuwa na sauti ya binti yao, Kavira, aliyekufa kwa malaria akiwa na miaka sita: dakika nne za mtoto anayeimba, anayekosea maneno na kujicheka. Nakala nyingine haikuwapo.

"Hakunigombeza. Alisema tu, 'Ngoja hapa, nairudia.'"

Alishusha godoro, akageuza pikipiki. Vumbi lilipotulia, Kahambu aliona ufunguo bado uko mkononi mwake.

"Na ni mi nilifunga ule mulango," anasema.

Alingoja siku mbili kando ya barabara, juu ya lile godoro. Kisha akasukumwa na umati hadi Butembo, na baadaye akaja Kisangani kwa dada yake, Mbambu. Miezi kumi na minne sasa, hakuna simu, hakuna habari ya maiti. Mbambu alipotaka kuomba misa ya marehemu, Kahambu alikataa katakata. Inauma kumsikiliza, kwa sababu kosa lake yeyote kati yetu angelifanya.

Tochi imeona kitu. Ndani ya tundu moja la mbele, kipande chembamba cha shaba kimepinda na kugusa fremu.

"Unaona, papa? Mulango moja inagusa pabaya, carte mère inafunga yote. Inaogopa kuungua."

Anachomoa waya wa matundu ya mbele na kuwasha tena. Chini ya souris taa nyekundu inawaka, na Papa Abdulhamid anapiga makofi peke yake.

Nyuma ya Kahambu kuna kompyuta nyingine, kuukuu, yenye karatasi iliyoandikwa "haiuzwe". Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, huijaribu matundu yote sita. Mwezi wa Desemba anapanga kurudi Butembo kuuliza tena, kambi kwa kambi. Kompyuta hiyo atamwachia Mbambu.

"Bwana yangu akifika na ile clé ya Kavira, sitaki akute machine haiione."

Na ule ufunguo wa ukutani?

"Ule nitaenda nao," anasema, na sasa analia waziwazi. "Alienda bila clé."