Miguu Sita ya Chuma Katika Matope ya Ahero

Nimechoka kuulizwa habari za kile chuma kilichoko nyuma ya nyumba. Wajukuu wanakiita buibui, wageni wanadhani ni jembe la trekta. Nitaeleza mara moja hapa, kisha mniache nipumzike.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa baiskeli na cherehani Kisumu mjini. Nilitoka milimani, upande wa kati, ambako udongo ni mwekundu na mtu huingia shambani na viatu vyake. Mke wangu alikuwa Mjaluo wa Kano. Mimi Kijaluo kilinishinda na yeye lugha ya kwetu hakuitaka, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, chake na changu, vyote vibovu. Yeye aliishi Ahero akilima shamba la mpunga tulilopewa kwenye skimu ya umwagiliaji. Mimi nilikwenda Jumamosi, nikasimama juu ya tuta na buti zangu, nikamwangalia akibeba miganda kichwani kutoka matopeni hadi barabarani.

Msimu mmoja wa mavuno mgongo ulimshika. Daktari alimkataza kubeba, lakini shamba lisilovunwa hupewa mtu mwingine, basi akabeba hivyo hivyo. Asubuhi alikuwa akishika ukuta ndipo ainuke. Niliona aibu sana, na aibu haikumsaidia kitu.

Wazo lilitoka kwenye cherehani. Mshonaji anakanyaga kibao, fimbo ya chuma inapanda na kushuka, gurudumu linazunguka. Nikajiuliza, nikizungusha gurudumu, si kitu cha upande ule kitakanyaga chenyewe? Nilichukua krenki ya baiskeli, ule mkono wa chuma unaoshika pedali, na mahali pa pedali nikafunga chuma kirefu. Kikiachwa hivyo kinayumba ovyo. Lakini ukikishika katikati kwa chuma kingine kifupi, kilichofungwa kwa pini kwenye fremu, kinapoteza uhuru wake. Ncha ya chini inarudi nyuma karibu sawasawa na ardhi, halafu inainuka, inapita mbele, inatua. Hiyo tayari ni hatua, na haina injini wala akili.

Nilitengeneza miguu sita. Mitatu ikiwa chini, mitatu iko hewani, jinsi pedali mbili za baiskeli zinavyopishana, ndiyo maana mashine haikuanguka. Juu niliweka kiti, pedali na mnyororo wa kuzungusha krenki zote, na nyuma kitanda cha kubebea miganda. Mwisho nikaipa nyayo za bati nene, pana kama sahani, isije ikazama. Uani kwangu ilitembea kutoka chooni hadi jikoni bila kuyumba, nami nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mavuno yaliyofuata mto ulikuwa umefurika, na maji yaligoma kutoka shambani. Niliipakia mashine kwenye lori la sukari lililokuwa likirudi Muhoroni tupu, nikashuka nayo Ahero. Mke wangu aliitazama kwa muda, akapanda, akakanyaga pedali. Ikaingia shambani hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikutoka. Matope yalizishika zile sahani na vyuma vikaanza kulia.

"Kanyaga zaidi," nilimwambia kutoka kwenye tuta.

Alikanyaga, kisha akasimama ghafla, mkono kiunoni. Nilijua nimemuumiza. Pumzi iliporudi akaziangalia zile sahani.

"Mzee," akasema, "hii kitu umevalisha viatu."

"Ni za kuzuia isizame."

"Nani anaingia kwa matope na viatu? Hii matope inapenda viatu. Mguu unatoa kisigino kwanza, vidole inafuata pole pole. Hata ng'ombe, kwato inafunguka ikiingia, ikitoka inajifunga. Hujaona?"

"Sijaona."

"Utaona aje? Umenioa miaka saba na hujaingia hapa hata siku moja."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nyayo za bawaba, zinazojikunja zikitoka, ningeweza kuzitengeneza kwa siku mbili. Lakini miganda ilikuwa imelala majini, na yeye alikuwa ameanza kushuka akaibebe.

Nilivua buti. Matope yalinifika magotini, na hatua ya kwanza nilianguka kifudifudi. Nikamwambia akae pale pale alipo.

Akakaa. Mavuno yale yote alikaa juu ya kiti cha mashine yangu iliyokwama, katikati ya shamba, akinionyesha pa kukanyaga, nami nikabeba mganda mmoja mmoja. Ya mavuno yaliyofuata niliibeba pia, na ya miaka mingi baadaye, na zile nyayo sikuzitengeneza kamwe.

Mgongo wake ulipona. Huu unaouma sasa ni wangu.