Mti wa Amani Uliokufa Mara Tatu

Mti wa amani uliopandwa na mtu aliyeanzisha vita umekufa mara tatu. Mara mbili za kwanza mjomba wangu aliung'oa kabla wageni hawajaamka, akapanda mwingine wa kimo kilekile, akasugua kibao cha shaba kwa ndimu na chumvi, kisha akaenda kunywa chai. Mara ya tatu hakupanda kitu. Hadi leo kibao kinang'aa mbele ya shimo.

Mjomba ni mtunza bustani katika hoteli moja nje ya Nanyuki. Hoteli hiyo ina desturi kwamba mgeni mkubwa akija, hupanda mti. Nyuma ya jumba la kulia kuna mstari mzima wa miti hiyo: wa waziri, wa askofu, wa mwanariadha, kila mmoja na kibao chake. Lakini "kupanda" ni neno la heshima tu. Shimo huchimbwa na mjomba siku moja kabla. Samadi huletwa na mjomba. Mche hushikwa na mjomba usimame wima. Mgeni hutupa udongo mara tatu kwa sepetu, watu hupiga makofi, na miaka yote inayofuata ni ya mjomba.

Kabla ya hoteli, mjomba alikuwa mpishi msaidizi vitani. Wengi huku kwetu walikwenda hivyo, si kama askari. Kampuni fulani ilifungua ofisi ya chumba kimoja, ikatafuta walinzi, madereva na wapishi wa kambi ya jeshi la kigeni katika nchi ya mchanga, na vijana wakapanga foleni. Huko mjomba alimenya viazi kwa miaka miwili, bega kwa bega na rafiki yake kutoka Kerugoya. Asubuhi moja roketi iliangukia ghala la jikoni. Mjomba alikuwa ametoka kutupa maganda. Alipona, isipokuwa sikio la kulia.

"Hiyo sikio iko kazini bado," hupenda kusema. "Mkataba yake haijaisha."

Ndani ya ghala walikufa wapishi wawili, rafiki yake na mwingine wa nchi ya mbali ya Asia. Masanduku mawili yakaondoka. Mjomba alikuwa amelazwa, hakuona nani aliwekwa wapi. Alichosikia kwa sikio lililobaki ni wauguzi wakibishana kuhusu karatasi. Sanduku lililofika Kerugoya lilikuwa limezibwa kwa madini ya risasi, na mtu wa kampuni akamwambia mama wa marehemu kwamba ni marufuku kulifungua. Wakamzika karibu na mibuni. Muda mfupi baadaye kampuni ikafunga ule mlango wake mmoja, na mahali pake pakawa kinyozi.

Mama huyo, ambaye mjomba humwita maitu kama tunavyowaita mama zetu, hana ugomvi na kaburi. Hulipalilia. Shida yake aliniambia mara ya kwanza tulipoonana, akinimenyea ndizi bila kuniuliza kama nataka.

"Kama huyu si wangu, ni wa mwenyewe," alisema. "Kuna mama huko kwao anapalilia wangu. Nataka tu kujua kama tubadilishane salamu."

Miaka sita iliyopita mhariri wangu alinituma kutoka Nyeri kwenda Nanyuki. Kiongozi mstaafu wa taifa moja kubwa alikuwa amekuja kupumzika, na angepanda mti. Nilipoona jina kwenye mwaliko nilimpigia mjomba.

"Anko, unajua nani anakuja?"

"Najua. Nimechimba shimo yake tangu jana," akasema. "Nimeichimba refu kidogo."

Sisi waandishi tulipewa sheria mbili langoni: tusikanyage maua, na tusiulize chochote kuhusu vita. Wasaidizi wa mgeni walikuwa wamechagua mti wenyewe. Waliambiwa hapa kwetu kuna mutamaiyu, mzeituni wa mwituni, wakafurahi mno, kwa sababu kwao mzeituni ni alama ya amani. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, mpole, mwekundu shingoni kwa jua letu. Alitupa udongo mara tatu. Tukapiga makofi. Sasa ilibaki kunawa.

Kunawa hakukuwa kwenye ratiba ya wasaidizi. Kulikuwa kwenye ratiba ya mjomba. Alitokea nyuma ya ua na beseni, birika la maji ya vuguvugu na taulo begani, kama tunavyomnawisha mgeni yeyote kabla ya chakula. Mgeni alitabasamu, akanyoosha mikono. Mjomba akamwagia maji kidogo, akaweka birika chini, akamkamulia sabuni. Akaendelea kukamua kama anayekamua ng'ombe wa gredi. Povu lilipanda hadi kwenye saa ya mkono. Kisha mjomba akainua birika na kulishika kifuani, bila kumimina.

Mtu mwenye povu mikononi hawezi kuondoka. Hawezi kushika mlango wa gari wala kuaga kwa mkono. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo na nilielewa mpango mzima mara moja, nikaogopa, nikafungua daftari.

Mjomba akasema, kwa Kiingereza chake cha jikoni, ambacho kwa Kiswahili kingekuwa hivi: "Mkubwa, mimi nilipika kwa vita yako. Wapishi wawili walikufa siku moja. Sanduku moja lilikuja hapa karibu, moja likaenda Asia. Tunaomba mtuambie yupi alizikwa wapi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayeuliza njia ya Sagana.

Mgeni akatazama povu lake. Akautazama mlima, lakini ulikuwa umeshajifunika mawingu. Akatazama mche.

"Udongo wenu ni mzuri sana," akasema.

Mjomba akangoja. Ndege mmoja akalia. Msaidizi mwenye kifaa cha kusikilizia sikioni akaja mbio na karatasi laini, akaanza kumpangusa mkuu wake kama mtoto aliyechezea uji, huku akimpa mjomba kadi. "Andika swali lako," alisema. "Ofisi hujibu barua zote." Hapo mjomba akamimina maji yaliyobaki, taratibu, kwa adabu zote, juu ya mche.

Na mimi? Niliandika habari fupi. Ilihusu mti. Ilichapishwa pamoja na picha, na ukiitazama kwa makini utaona kitu cheupe kwenye mkono wa mgeni wenye saa. Mhariri alidhani ni shati.

Kwa kuwa nilikuwa nimeshiriki kunyamaza, nilijitolea kuwa karani. Tukaandika barua ya kwanza: majina ya wapishi, kambi, ghala, masanduku mawili. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Lilimshukuru mjomba kwa ujumbe wake wa dhati, likasema mheshimiwa anaukumbuka mche ule kwa upendo, na likaomba picha ya mti kila mwaka, pamoja na kimo chake, kwa ajili ya ukurasa wa miti ya amani. Kuhusu wapishi hakukuwa na neno.

"Hawajasoma," nilimwambia mjomba.

"Wamesoma," akasema. "Mtu ambaye hajasoma hajui kuruka hivyo."

Tukatuma picha, na chini yake swali. Wakajibu kuhusu picha. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Waliuliza kama majani huwa na rangi ya fedha upande wa chini. Waliuliza kama ndege wameanza kuja. Mjomba aliwajibu yote, hata ndege aliwataja mmoja mmoja, na kila jibu lilimalizika kwa swali lilelile. Nilipomwambia tunapoteza muda, alikasirika.

"Wewe mtu wa gazeti, sikiza. Huyo mzee hana mlango mwingine. Akitaka kujua mti yake, lazima apite kwangu. Siku moja atateleza."

Ndiyo sababu mti ulipokufa mara ya kwanza, kwa sakitu ya Julai, ile baridi inayogandisha umande, alishtuka kuliko nilivyowahi kumwona akishtuka. Mti ukifa, barua zitakufa. Tulikwenda naye hadi kitalu kimoja njiani kuelekea Nyeri tukanunua mwenzake. Mutamaiyu hukua polepole kama mtoto wa mwisho, kwa hiyo hakuna aliyetambua. Mara ya pili ilikuwa fuko. Alikula mizizi yote, akauacha mti umesimama kama mwizi aliyevaa suti. Tulinunua mwingine. Nilimuuliza mjomba, kwa sababu kuuliza ndiyo kazi yangu, kama kweli aliumwagilia wakati wa kiangazi.

"Unaniuliza kama polisi."

"Nauliza tu, Anko."

"Niliumwagilia kuliko ya askofu," akasema, na nikaona kwamba ameumia.

Mara ya tatu, mwaka huu, ilikuwa harusi. Wafunga mahema walipiga chuma cha kamba katikati ya shina, na mafuta ya kukaangia yakamwagwa papo hapo. Wiki hiyohiyo ofisi iliandika kuomba picha na kimo. Mjomba alikuwa ameshawaambia, kwa miaka yote hiyo, vimo alivyoona vinafaa. Kwenye karatasi zao mti ule ulikuwa unapita dirisha. Ukweli ni kwamba ulikuwa unafika goti, na picha nilizipiga nikiwa nimelala chini.

Tukashuka Kerugoya kumwarifu maitu, tukiwa tumekubaliana njiani kwamba tutanunua wa nne. Alisikiliza mpaka mwisho huku akitenganisha maharagwe na mawe.

"Msinunue," akasema.

"Maitu, tukikosa mti tumekosa barua."

"Barua gani? Mimi nimeletewa barua gani?" Akatupa jiwe moja uani, kuku wakalikimbilia bure. "Waandikieni mti umekufa. Mara tatu. Waambieni tumeuzika, na ni marufuku kufukua."

Mjomba alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kofia, halafu akaona mama hacheki kabisa, halafu mama naye akaanza kucheka. Niliandika barua hiyo pale mezani kwake, kwenye simu, katikati ya maharagwe. Ilikuwa na sentensi nne. Nilimsomea kwa lugha yetu, akaikubali.

Barua zote za nyuma zilichukua wiki mbili kujibiwa. Hii ilijibiwa siku iliyofuata, na nakala ikaenda kwa meneja wa hoteli. Ilikuwa na maswali saba. Ulikufa tarehe gani? Chanzo kilikuwa nini? Nani alikuwepo? Nani alithibitisha kwamba ni mti ule hasa na si mwingine? Mabaki yako wapi? Je, kuna kumbukumbu za maandishi? Na je, yanaweza kufukuliwa ili kipande kipelekwe maabara?

Meneja, mama nadhifu ambaye hupanga hata changarawe, alimwita mjomba ofisini. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilijifanya nimekuja kunywa kahawa.

"Umeua mti ya mkubwa!"

"Si mimi, madam. Ni sakitu, na fuko, na harusi."

"Mara tatu? Na ulikuwa unanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja kuulizwa," mjomba akasema.

Meneja alimpa hadi Ijumaa apande mwingine. Mjomba alisema hawezi, kwa heshima zote, kwa sababu ofisi ya mwenye mti imeanzisha uchunguzi na si vizuri kuvuruga mahali. Meneja akaagiza chungu cha maua kiwekwe juu ya shimo. Kila asubuhi mjomba hukisogeza kando ili kufagia, na husahau kukirudisha.

Nilimpelekea maitu yale maswali saba. Nilimsomea moja moja. Kwa la nne, lile la nani alithibitisha, aliniomba nirudie. Alipomaliza kusikiliza aliinuka, akaenda kusimama kwenye mibuni kwa muda, akarudi.

"Wanajua kuuliza vizuri sana," alisema. "Miaka yote hii mimi sikujua kuyapanga hivyo."

Akaniambia nisibadilishe hata moja. Niandike yaleyale saba, kwa mpangilio wao, kwa maneno yao, ila palipo na mti niweke mwanawe. Kwa la mwisho, lile la kufukua, aliongeza ruhusa yake kwa mkono wake mwenyewe, akaweka na kidole gumba kando ya sahihi ili wasiseme haijathibitishwa. Niliipiga picha ile karatasi na kuituma kutoka uani kwake, mvua za kwanza zikianza kuchafua barabara.

Nimewasiliana na ofisi hiyo mara mbili tangu hapo kuthibitisha kwamba barua ilifika. Ilifika. Mvua zimekwisha, kahawa imechumwa, na barua haijajibiwa.