Babu wa Kuazima

Watu wa kijiji cha Mbwajumali watakwambia Hindu ni msichana mpole, na ni kweli, ila hawajamwona akiwa ameketi karibu na Nasreen.

Wote wawili walikuwa wanagenzi katika chumba kimoja cha ghorofani huko mjini, Mkomani, wakitambua picha za zamani za gazeti zilizoingizwa kwenye kompyuta. Kila picha iandikwe ni nani, wapi, mwaka gani. Na Nasreen, mtoto wa mjini, hakosi jamaa. "Huyu ammi yake mama. Huyu babu, siku ya Maulidi." Hindu akaona wivu mpaka chakula kikamshinda. Kwao hakuwahi kufika mpiga picha wa gazeti hata kwa bahati mbaya. Babu yake mzaa mama alikufa bila kuacha hata picha ya kitambulisho, na yeye hakupata kumwona. Mtu mmoja atajaliwaje wafu wote wale?

Basi ikatokea picha ya hamali kwenye gati la Mokowe, gunia begani, kofia imelalia sikio. Jina hakuna. Hindu akachapa: Famau, wa Mbwajumali. Jina la babu yake.

"Na wewe umepata wako," Nasreen akasema. Akaitazama picha kwa muda, kisha akarudi kwenye kompyuta yake. Hindu alifurahi kwamba mara hii hakutaja jamaa.

Raha yenyewe haikudumu. Bwana Jeilani, msimamizi wao, alitaka kila jina lithibitishwe na mtu aliyemjua mwenyewe. Ikambidi Hindu amlete bibi yake, Bi Radhiya, huku akiomba Mungu amsitiri.

Bi Radhiya akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo cha kompyuta.

"Ndiye," akasema. "Ndiye bwana wangu. Miaka yote hii nimesahau uso wake, yeo nimemuona kwa mato yangu."

Akalia. Akaomba achapishiwe picha, akaikumbatia kifuani. Hindu alitaka kusema kweli, lakini angeanzia wapi, na bibi analia vile?

Alimsindikiza bibi hadi mlangoni, akarudi juu kuchukua mkoba wake, akamkuta Nasreen peke yake. Kwenye kompyuta ya Nasreen palikuwa na picha nyingine ya hamali yule yule, gunia lile lile, safari hii anacheka. Chini yake paliandikwa: Shuaib, ndugu yake babu, Mokowe. Nasreen alikuwa analifuta jina hilo, herufi baada ya herufi.

"Ulijua?" Hindu akauliza.

"Tangu siku ile." Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mwachie bibi. Sisi kwetu tunao wengi."

Hindu alitamani angetukanwa, angeaibishwa mbele ya watu, lolote lile. Hata babu wa uongo ilibidi apewe na Nasreen! Wivu ukamrudia, mkali kuliko wa kwanza.

Huko chini bibi alikuwa akimwita.

"Hindu, twende! Tumpeleke babu yako kwake."