Mlango Uliohama na Msimbo Wake

Mtaa mzima unamwita mume wangu Brashi, na jina hilo amelitolea jasho. Njia zetu hazina majina, nyumba hazina namba. Zamani mgeni aliambiwa akate kushoto penye gereji, halafu aulize mbele. Siku hizi simu inakupa msimbo wa mahali ulipo, herufi na tarakimu chache tu, na ukimtumia mtu anafika bila kumsumbua yeyote. Kazi ya Brashi ni kuandika misimbo hiyo milangoni kwa rangi nyeupe. Mwandiko anao, hilo namkubali. Majivuno yake ndiyo yananichosha.

Mlango wa kwanza kuuandika ulikuwa wa mama yake. Juzi juzi mama mkwe alihamia nyuma ya kwetu na, kama ilivyo desturi ya mtaa huu, akahama na mlango wake. Ni wa mbao ngumu, kazi ya mikono ya marehemu baba mkwe. Nani angeuacha?

Mama ana kidonda mguuni, na kwa mwenye sukari kidonda si cha kuchezea. Zahanati ikampangia muuguzi mpya wa kumsafisha kidonda kila Jumanne. Jumanne ya kwanza hakutokea, na ya pili vilevile. Mguu ukavimba, nami nikaingiwa na hofu.

"Huyo muuguzi katupuuza," Brashi alinung'unika.

Jumatatu nikampigia muuguzi mwenyewe.

"Dada, nimekuja mara mbili," alisema. "Msimbo unanifikisha kwenye ukuta wenye tundu la mlango. Nampigia mama, ananiambia amesimama mlangoni, ananisomea msimbo uleule ulioandikwa hapo. Kesho nikimkosa tena, huo mguu sijui kama utaokoka."

Nikageuka kuutazama mlango wa mama: bado una msimbo wa kule alikotoka. Nikamwita mume wangu, nikamwonyesha kwa kidole tu. Alisoma maandishi yake mwenyewe, kisha akakalia kopo la rangi.

"Kumbe mama yangu nimempoteza mimi," alisema.

"Mganga hajigangi" nilikuwa nayo mdomoni tayari. Nikaimeza, maana macho yake yalikuwa yamelowa.

Akachukua kitambaa na mafuta ya taa afute. Mama akamzuia kwa fimbo yake.

"Acha, mwanangu. Huko ndiko nilikoishi na baba yako."

Basi msimbo mpya akauandika ukutani, herufi kubwa kama za duka, nami nikamtumia muuguzi. Kesho yake saa nne muuguzi akapiga hodi. Alikisafisha kidonda, akasema tumewahi. Siku hiyo nilimwandalia Brashi chai bila kuombwa.

Tangu hapo anaandika ukutani tu. Nyumba zote alizoziandika milango zamani amezirudia moja moja, anauliza kwa adabu, "Samahani, mlango huu ni wa hapahapa?" Watu wanamcheka, naye anacheka nao.

Jumanne iliyopita muuguzi alimwambia mama kidonda kimefunga, hatakuwa na haja ya kuja tena.

"Msimbo wangu bado unao?" mama aliuliza.

"Ninao, mama."

"Basi njoo hata bila kidonda."