Watazamaji Sifuri

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya sanaa ya kaunti, ng'ambo ya mto kutoka Washington, nilikabidhiwa kidude cha chuma kinachoenea kiganjani. Ukikibonyeza, kinaongeza mmoja. Msimamizi wa Ruzuku, mama mrefu asiyecheka ovyo, alinieleza kazi: niende kwenye maonyesho tunayoyalipia, nihesabu vichwa.

Kwa vijana wasiojua, kila aliyenunua kitu katika kaunti yetu aliongezewa kodi kidogo ya mauzo, na sehemu yake ililipia kwaya, michoro na ngoma. Hiyo ndiyo ruzuku, msaada usiorudishwa. Nilistaajabu siku ile na bado nastaajabu: mtu ananunua sabuni, mtaa wa pili mtoto anafundishwa fidla.

Fomu yetu ilikuwa na visanduku viwili, wachezaji na watazamaji. Watazamaji wakiwa wachache mno, kundi linanyimwa ukumbi mwaka unaofuata. Miaka ya mwanzo sikusumbuka. Wasikilizaji wa fidla hutulia, unawahesabu kama mayai kwenye trei.

Kisha nikatumwa kukagua mdumange, ngoma ya kwetu Lushoto. Kiongozi alikuwa Bi Mwanaidi, mtunza wazee aliyetoka mji wa Germantown pamoja na wenzake, wengine bado na sare za kazi. Nilihesabu watazamaji hadi kumi na saba, ngoma ikabadilika, wote kumi na saba wakaingia duarani. Waliochoka wakaketi, nikaanza upya, nao wakainuka. Mwishowe mama mmoja wa Kikongo alinishika mkono, na miguu yangu, iliyoacha mdumange tangu usichana, ikakumbuka yenyewe. Nililia pale pale, sikuona haya.

Baadaye nilihesabu viatu walivyovivua ukutani: jozi sitini na tatu, zangu zikiwamo. Nikaandika wachezaji sitini na watatu, watazamaji sifuri.

Msimamizi alisema sifuri ni sifuri, kundi litafutwa. Bi Mwanaidi alinipigia simu.

"Dada, si ungeandika tu audience hamsini? Tukikosa hiyo hall, hawa watoto wata-learn wapi?"

Nilimwambia kudanganya siwezi, na kunyamaza pia siwezi. Nikapanda kwa Mkurugenzi, mzee wa Kimarekani mwenye goti bovu, nikamwomba aje ahesabu mwenyewe.

Jumamosi aliketi safu ya mwisho na kidude changu, akibonyeza. Bi Mwanaidi akamwendea, akamnyoshea mkono. Nilidhani goti litakuwa udhuru wake. Mzee akaweka kidude kwenye kiti, akavua viatu.

Jumatatu akaniita. Fomu ilikuwa mezani.

"Umekosea hesabu," alisema.

Nikaona kundi limekwisha. Akachukua kalamu. Sifuri hakuigusa. Kwenye wachezaji akafuta sitini na watatu, akaandika sitini na wanne, kisha akasaini wapewe ukumbi wao.

Sasa nimestaafu, na goti langu nalo limeanza lawama. Nikinunua sabuni huitafuta ile kodi kwenye risiti, senti chache tu, nikatikisa kichwa. Jumamosi naenda ukumbini. Watoto wanaojibu kwa Kiingereza kila wakiulizwa kwa Kiswahili, mle duarani hawaulizwi kitu, wanacheza.

Juzi alikuja mkaguzi mpya, binti mpole, akasimama nyuma na kidude chake. Nilimwacha abonyeze kidogo. Kisha nikamwendea, nikamnyoshea mkono.