Nilifaulu Udongo, Nikafeli Kuku

Siku niliyokwenda kujiandikisha chuo kikuu nilicheka mbele ya mratibu wa kituo cha chuo hicho mkoani kwetu, na kicheko kile ndicho kilichonitia kwenye mitihani miwili ambayo sikuwa nimeipanga.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Kidato cha sita nilikimaliza zamani, nikaolewa, nikazaa watatu, na kwa miaka kumi na minne nikawa msimamizi wa shamba la shule moja ya bweni upande wa Kaengesa. Tulipohamia mjini, mtaa wa Mazwi, na mtoto wa mwisho akaingia sekondari, nikamwambia mume wangu kwamba na mimi narudi shule, nasomea kilimo.

"Umelima maisha yako yote," akasema, "sasa wanakwenda kukufundisha nini?"

Lakini asubuhi ya kujiandikisha nilikuta ameijaza upepo baiskeli yangu na kuifuta tope. Akanikabidhi usukani, akasema, "Haya, mwanafunzi, utachelewa."

Mratibu alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mwenye sauti nzito kama ya mwimbishaji wa kwaya. Akaanza kunisomea masomo ya mwaka wa kwanza moja baada ya jingine. Alipofika kwenye Misingi ya Udongo na Rutuba, ndipo nikacheka.

"Mama, mbona unacheka?"

"Samahani, mwalimu. Hilo la udongo nimelianza nina miaka saba."

"Shule gani hiyo?"

"Shambani kwa mama yangu."

Nilidhani atakasirika. Badala yake aliweka kalamu chini, akaniangalia vizuri. Akanieleza kwamba chuo kina utaratibu wake: mtu akiwa tayari analijua somo, hata kama alijifunzia shambani au kazini, anaweza kuomba apimwe. Analeta ushahidi, anafanya mtihani, na akifaulu anahesabiwa krediti za somo hilo bila kukaa darasani.

"Ila ukifeli utalisoma kama wenzako," akasema. "Hakuna aibu."

Nikajaza fomu ya udongo papo hapo. Kisha nikaona kwenye orodha kuna Ufugaji wa Kuku. Nyumbani nilikuwa na kuku, na majirani walikuwa wakija kwangu kuomba dawa kuku wao wanapoumwa. Nikaomba fomu ya pili. Mratibu akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia kuku ndio kabisa.

Ushahidi wa udongo ulihitaji barua ya mkuu wa shule niliyofanyia kazi, picha za shamba, na maelezo ya mtu aliyenifundisha, yenye sahihi yake au dole gumba. Kwa hiyo mwezi wa tatu, mvua zikielekea mwisho na nyasi zimefika kiunoni, nikapanda kwenda kijijini kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja na jembe?"

"Nimekuja na karatasi, mama. Nataka uweke dole gumba kwamba ulinifundisha kulima."

Mama hakusoma shule, na Kiswahili chake ni cha sokoni na kanisani tu. Mazungumzo yetu yote yalikuwa Kifipa. Akaiangalia karatasi pande zote mbili, akanirudishia.

"Siweki dole kwenye kitu ambacho sijakiona. Una miaka mingapi hujalima intumba kwa mkono wako?"

Intumba ni yale matuta ya mviringo tunayolima Ufipa. Unafyeka nyasi mbichi, unazikusanya mafungu mafungu, unazifunika kwa udongo uliopinduliwa, juu unapanda maharage. Nyasi zinaoza ndani. Msimu unaofuata unayavunja yale matuta, unayasambaza, unapanda ulezi au mahindi. Shuleni tulikuwa tukilima kwa trekta, kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kuuliza.

Nikavua viatu. Nililima intumba kumi na mbili siku ile huku mama amesimama nyuma yangu, kanga amejifunga kifuani, akinikosoa kila hatua. Tuta la tano nilirahisisha: badala ya kufyeka nyasi nikachukua mabua makavu ya mahindi yaliyokuwa karibu. Mama akalibomoa kwa mguu.

"Makavu yana njaa," akasema. "Ukiyafukia yatakula yenyewe kwanza. Utakachopanda juu kitakula nini?"

Jioni akachovya kidole kwenye wino, akakibandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka kidogo. Nilirudi mjini na malengelenge mikono yote miwili.

Wiki zilizofuata nilisoma vitabu alivyoniazima mratibu. Mtihani ungekuwa wa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa kimelala muda mrefu. Shida yangu ilikuwa kwamba mambo niliyajua lakini sikuyajua kwa majina yao ya kitabuni. Nilikuwa kama mtu anayewafahamu majirani wote kwa sura, kisha anaambiwa awaite kwa majina ya ubatizo. Asubuhi moja, chai mezani, nikafika kwenye ukurasa unaoeleza kwamba mabua makavu yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha huchukua nitrojeni yote iliyo kwenye udongo, na mmea unabaki bila kitu. Nikausoma mara mbili. Nikampigia mama simu kumwambia kwamba maneno yake yameandikwa kwenye kitabu.

"Nani kayaandika?"

"Mzungu mmoja."

"Amelima wapi?" akauliza mama.

Mitihani yote miwili ilifanyika siku moja. Asubuhi udongo, mchana kuku. Karatasi ya udongo niliijibu karibu yote. Swali moja la hesabu za maabara lilinishinda nikaliacha wazi. Karatasi ya kuku niliijibu kwa raha. Kulikuwa na swali kuhusu mdondo, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, na nikajaza ukurasa na nusu kuhusu dawa yangu: shubiri, pilipili kichaa na majivu kidogo, jinsi ya kuchanganya, jinsi ya kumfungua kuku mdomo. Nilitoka nikitembea kama bibi harusi.

Kesho yake nikaitwa kwa mahojiano ya udongo. Mtahini alikuwa mama wa makamo aliyetoka makao makuu ya chuo, amevaa gauni la kitenge na raba. Hakukaa ofisini. Alinipeleka nyuma ya jengo, kulikochimbwa shimo la kina cha kiuno, akaniambia nishuke nimweleze ninachokiona.

Nikashuka. Nikamweleza tabaka la juu jeusi, la kati jekundu, na mahali maji yanaposimama masika. Akaniambia nipime udongo ule kwa mkono. Akageuka kuchukua chupa ya maji, lakini mimi nilikuwa tayari nimeutemea mate kiganjani na kuuviringisha kama kamba.

"Mama!" akashangaa. "Maji haya hapa!"

"Samahani. Shambani chupa iko mbali."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akauliza maswali magumu, na moja lilikuwa hili: kwa nini mkulima asifukie mabua makavu wakati anayo mengi bure? Nikaanza kulitafuta jibu la kitabuni kwa Kiingereza, likanikwama. Nikamwomba niseme kwa Kiswahili.

"Mama yangu anasema makavu yana njaa. Yatakula yenyewe kwanza."

Akaniomba nirudie, akaandika kwenye daftari lake. Baada ya hapo nikapata utulivu, na lile la nitrojeni likaja lenyewe, kwa Kiingereza, karibu lote.

Matokeo yalitoka baada ya wiki nne. Udongo nilifaulu. Kuku nilifeli, na vibaya. Nilimfuata mratibu ofisini nikiwa nimekasirika.

"Mwalimu, hili la kuku wamekosea. Majirani zangu wote wanatumia dawa yangu."

Akaniambia nikae.

"Mama, mdondo ulipopita mara ya mwisho, ulikuwa na kuku wangapi?"

"Arobaini."

"Ukawapa dawa wote?"

"Wote."

"Wakapona wangapi?"

Nikahesabu moyoni, na kadiri nilivyohesabu ndivyo hasira ilivyopungua. "Sita," nikasema.

"Hao sita, mama, wangepona hata ungewapa chai."

Nilijizuia, lakini kicheko kikanitoka, naye akacheka, tukacheka wote hadi karani akachungulia mlangoni. Ndivyo nilivyoingia darasa la kuku.

Nilikaa na vijana wa umri wa wanangu. Binti aliyekaa kando yangu alianza kwa kuniamkia shikamoo kila asubuhi; wiki ya tatu alisahau akasema, "Mambo!" nami nikamjibu, "Poa," akaziba mdomo kwa aibu, na tangu hapo tukawa marafiki. Yeye alinisaidia kwenye kompyuta, mimi nikamsaidia udongo, ambao alikuwa anauogopa kama hesabu. Na kwenye lile darasa nilijifunza kwamba mdondo hauna tiba. Kuna chanjo tu, tone moja la jichoni kila baada ya miezi mitatu, kabla ugonjwa haujafika. Miaka yote ile nilikuwa nawalisha kuku wanaokufa pilipili.

Mwezi wa saba nilibeba chanjo hadi kwa mama. Baridi ilikuwa kali, tukawakamata kuku alfajiri wakiwa bado bandani. Mama alimshika kila mmoja kwapani huku akinung'unika kwamba kuku hana ugonjwa wowote, anatiwa dawa ya nini. Nilimweleza. Hakuridhika, lakini hakuwaachia. Tuliwamaliza ishirini na watatu, na jogoo wa mwisho alinidonoa kidoleni.

Mdondo ulipita kijijini mwezi wa tisa. Kwa mama alikufa mmoja tu, kifaranga aliyeanguliwa baada ya chanjo. Siku mbili baadaye akanipigia simu mwenyewe, jambo ambalo hafanyi mara nyingi, kuniambia wanawake watano wamekaa uani kwake na wanauliza nitakuja lini na lile tone la jichoni.

Nikamwambia Jumamosi.